Mstari wa Kabula

Miwa ikichomwa Kidodi, majivu yake hayaanguki kama majivu ya jikoni. Yanakuja taratibu, membamba na marefu, meusi tii, yanazunguka hewani kwanza kana kwamba yanachagua nguo ya kuchafua. Mwaka jana nilipokwenda kumwona mama nilifua sare zangu za unesi, nikazianika nyuma ya nyumba, nikasahau kabisa kwamba ni msimu. Nilipotoka kuzianua zilikuwa na michirizi kila mahali, na harufu ile ilikuwa imeshaingia kwenye nyuzi: sukari iliyoungulia sufuriani, na chini yake harufu ya nyasi na ya kitu chenye manyoya.

"We Roida," mama akasema kutoka jikoni, "umekaa Mikumi mpaka umesahau kwenu?"

Nilikuwa nimesimama na vibanio mkononi, na kiganja changu cha kulia kilikuwa kimekufa ganzi.

Kinanifanyia hivyo kila nikiisikia harufu hiyo. Nimeshajipima, maana ndiyo kazi yangu, na sina ugonjwa wowote. Ganzi hiyo najua ilipoanzia. Ilianzia kwenye bega la msichana mmoja, mbele ya mlingoti wa bendera, nikiwa darasa la tano. Habari hiyo sijawahi kuieleza yote kwa mtu, si kwa sababu ni siri, bali kwa sababu kila nikianza nasikia kama naeleza ya mtu mwingine.

Shule yetu ilikuwa upande wa chini wa Kidodi, karibu na barabara wanayopita malori ya miwa, na kengele yake ilikuwa rimu la gurudumu la mojawapo ya malori hayo, limening'inizwa kwa mnyororo na kupigwa kwa kipande cha nondo. Rimu hilo lilituamrisha kuingia, kutoka, kula na kunyamaza. Lakini Alhamisi mchana liligongwa kwa ajili ya wasichana peke yao. Tukilisikia tulifunga madaftari, tukachukua ndoo, tukashuka mto Ruaha kuchota maji ya nyumba za walimu. Wavulana walibaki darasani wakiendelea na vipindi. Kwa darasa la saba, kipindi cha Alhamisi mchana kilikuwa Hisabati.

Sidhani kama kuna aliyekaa chini akalipanga jambo hilo kwa ubaya. Lilikuwa hivyo tangu enzi za mama zetu, na mama zetu ukiwauliza walikuambia maji ni kazi ya mwanamke. Kisha mwisho wa mwaka wakashangaa kwa nini mabinti zao hawajui hesabu za sehemu.

Aliyeliona jambo hilo kwa macho mengine alikuwa Kabula. Yeye alikuwa darasa la saba. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao wakati mimi bado nabebwa mgongoni, wakajenga upande wa kata ya Ruaha, mahali mashamba ya miwa yanapokoma. Alikuwa mrefu kuliko walimu wawili watatu, anakuja shule peku, na Kiswahili alikisema polepole, kila neno akilipima. Wenzangu walimcheka kwa hilo. Mimi sikumcheka, kwa sababu bibi yangu, aliyeshuka kutoka milimani, alikisema vilevile. Nyumbani alizungumza Kisagara na Kiswahili alikiweka kwa ajili ya kanisani na wageni.

Baba yake Kabula alikuwa amemwambia jambo moja tu kuhusu shule. Ukishinda mtihani wa darasa la saba, utakwenda sekondari. Ukishindwa, utakwenda Kilombero na kaka zako na ng'ombe. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anavyosema mvua ikinyesha tutapanda. Mtihani ulikuwa mwezi wa tisa, na kila Alhamisi Kabula alikuwa mtoni na ndoo kichwani wakati wavulana aliokuwa akishindana nao wakifundishwa.

Mwezi wa saba shule ilipofunguliwa, kiranja mkuu wetu alikuwa amehama na wazazi wake. Siku zote kiranja mkuu alikuwa mvulana na alichaguliwa ofisini. Mwaka ule kulikuwa na mwalimu mgeni wa Uraia, Mwalimu Anitha, msichana mwembamba aliyetoka chuoni karibuni, bado anaamini yaliyoandikwa vitabuni. Akamwomba Mwalimu Mkuu ruhusa wanafunzi wachague wenyewe, wajifunze demokrasia kwa vitendo. Mwalimu Mkuu akakubali. Nadhani aliona ni mchezo wa kupoteza kipindi kimoja.

Utaratibu ulikuwa huu. Wagombea wasimame mbele, wakitazama mlingoti, mgongo kwa wapiga kura, na ni marufuku kugeuka, ili mtu asitishwe na macho ya mgombea. Kila mwanafunzi asimame nyuma ya anayemtaka, anyooshe mkono wa kulia aguse bega la aliye mbele yake, kama tulivyozoea kwenye paredi. Mwenye mstari mrefu ndiye kiranja mkuu.

Wavulana walimtoa Festo, mtoto wa fundi baiskeli, mcheza mpira hodari asiye na neno na mtu. Kabula alijitoa mwenyewe. Mwalimu Anitha akampa nafasi ya kusema sera zake, na Kabula akasema kwa kile Kiswahili chake cha kupima: "Mimi nikiwa kiranja, Alhamisi maji tuchote wote. Wavulana wanakunywa maji. Wana vichwa vya kubebea." Walimu wakacheka. Wasichana hatukucheka. Tulikuwa tumeshangaa kwamba jambo hilo linasemeka.

Siku ya kura ilikuwa Ijumaa, na hapo ndipo miwa inapoingia. Mistari miwili ilikuwa imeshaanza kujipanga, wa Festo mrefu zaidi kwa kuwa wavulana wakubwa walikuwa wamewashika masikio wadogo, mara shamba la jirani likawashwa. Asiyeishi kwetu hajui maana yake. Shamba la miwa likichomwa, ndezi, wale panya wakubwa wa porini, wote waliomo wanakimbia moto, wanatokea pembeni wakiwa wamepumbaa, na mwenye rungu na mbio anakula nyama wiki nzima. Hakuna mvulana wa Kidodi anayeweza kusimama mahali huku moshi wa miwa unampita puani. Mmoja alinong'ona "ndezi", na mstari ukakatika mkiani. Kisha ukakatika katikati. Mwalimu wa zamu akapiga kelele, rimu likagongwa, wapi. Wakaruka ua wa michongoma wakapotea ndani ya moshi.

Na aliyewaongoza alikuwa Festo. Mgombea mwenyewe aliacha mlingoti, akaacha kura zake, akavua viatu akavishika mkononi ili asivichome, akaenda.

Kabula hakugeuka. Mstari wake ulikwenda mpaka vyooni. Majivu yalitushukia kwenye mashati meupe na hakuna aliyejifuta. Mwalimu Anitha akatangaza mshindi, na vigelegele vilivyopigwa pale vilimtoa mpishi wa uji jikoni na mwiko wake. Nakumbuka nilikuwa na furaha. Nakumbuka kwamba nilikuwa nayo, ila siikumbuki yenyewe.

Wavulana walirudi mchana na ndezi wao kwenye fito. Festo alikuwa hana nyusi. Mwalimu Mkuu akatuita tena mstarini akasema uchaguzi umefutwa kwa sababu mgombea mmoja hakuwepo.

"Lakini Mwalimu," Mwalimu Anitha akasema kwa upole, "walikwenda kwa hiari yao."

"Walikwenda kwa hiari ya ndezi," akajibu Mwalimu Mkuu, na hata sisi tukacheka, Mungu atusamehe. "Tunarudia Jumatatu. Na wazazi watakuwepo."

Mwishoni mwa wiki ile maneno yalitembea. Mwalimu Mkuu alikuwa pia mzee wa kanisa, na Jumapili baada ya ibada alisimama na akina baba chini ya upenu kwa muda mrefu. Tulisikia vipande tu. Kwamba leo wanakataa kuchota maji, kesho watakataa kupika. Kwamba mtoto wa mfugaji, watu wasiojua watakuwa wapi mwakani, atawaongozaje watoto wa wenye mji? Baba yangu alikuwa na shamba dogo la miwa na hakupenda ugomvi na mtu. Alikuwa mtu wa kusema "yaishe" hata kabla jambo halijaanza. Jioni aliniita uani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kesho nitakuja huko shuleni kwenu." Alikuwa ananoa panga na hakuninyanyulia uso. "Usije ukaniaibisha, mwanangu."

"Ndiyo baba."

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mboga. Baba alipoondoka, alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye na mimi hakuwa na haja ya Kiswahili: "Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Akaendelea na mboga zake. Nikadhani anaongea juu ya macho yake, maana yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Jumatatu hakukuwa na moto. Majivu ya Ijumaa yalikuwa bado yametanda uwanjani juu ya changarawe. Akina baba walisimama kivulini kwenye ukuta wa darasa la kwanza, na baba yangu alikuwa miongoni mwao, kofia mkononi. Kabula na Festo wakasimama mbele wakitazama mlingoti. Tukaambiwa tujipange, na wasichana tukajipanga nyuma ya Kabula kama Ijumaa, pengine pungufu kidogo. Mimi nilikuwa katikati. Mbele yangu alikuwa rafiki yangu Eda, mwenye shati lenye kiraka begani. Nilikuwa nimeshika kiraka hicho.

Ndipo Mwalimu Mkuu akasogea na fimbo yake kwapani. Hakutupigia kelele. Alikuwa na sauti nzuri, ya kusoma masomo kanisani.

"Mkataa wengi ni mchawi," akasema. "Sasa sikilizeni. Mimi nimewasikia kuhusu maji, na mimi ni mtu wa haki. Wote watakaobaki katika mstari huu wa Kabula ndio watakaochota maji kila Alhamisi, muhula mzima, peke yao. Wasichana watakaokwenda upande wa pili, nawasamehe. Watakaa darasani wasome. Mnaona? Uhuru wa kuchagua ni wenu."

Nimekuwa mtu mzima, nimewasikia watu wengi wenye madaraka wakizungumza, na bado sijamsikia aliyemzidi yule. Tulikuwa tumesimama pale kwa sababu ya maji. Kwa sababu ya maji hayo hayo, mstari ukaanza kuondoka.

Uliondoka kwa nyuma kwanza. Nilisikia changarawe. Kwanza miguu ya mmoja, kisha ya wawili, kisha ikawa kama mvua inayokuja. Mkono uliokuwa begani mwangu ukatoka, na pale ulipokuwa pakabaki baridi. Halafu wakaanza wa mbele. Eda aligeuza uso kidogo akasema "Roida, twende," akaondoka, na kiraka chake kikaondoka na yeye.

Sasa hapa ndipo watu waliokuja kunisifia baadaye walipokosea. Walisema nilikuwa jasiri. Mimi sikuwa jasiri wala mwoga. Sikuwa kitu. Nilijua baba yangu ananitazama na sikusikia aibu. Nilijua mto uko mbali kiangazi na sikusikia woga. Niliiona fimbo, na ilikuwa fimbo tu. Kitu pekee kilichofanya kazi katika mwili wangu ni mazoea ya paredi: aliye mbele yako akiondoka, unasogea, unanyoosha mkono, unashika bega linalofuata. Nikasogea. Aliyefuata akaondoka, nikasogea tena. Nikaendelea kusogea na kushika, kusogea na kushika, mpaka bega nililolishika likawa juu sana, la shati lililofifia, na likawa haliondoki. Lilikuwa la Kabula.

Uwanja ukatulia. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nililijua hilo kwa jua, lililokuwa linanichoma kisogoni bila kivuli cha mtu yeyote. Nikawaza jambo moja tu, nalo lilikuwa wazi kabisa kichwani: Kabula hajageuka, kwa hiyo hajui. Anadhani mkono huu una mstari mzima nyuma yake. Nikiutoa, atajua. Basi sikuutoa.

Mwalimu Mkuu akaenda akasimama mbele yake, kati yake na mlingoti.

"Binti, jitoe mambo yaishe. Ukijitoa, na wewe nakusamehe. Utakaa darasani. Mtihani wako uko karibu."

Alisema hivyo kwa wema, na Mungu ni shahidi, ulikuwa wema wa kweli. Kabula alikuwa na kila sababu ya kusema ndiyo. Nilisikia pumzi yake ikipanda chini ya kiganja changu.

"Nina watu, Mwalimu," akasema.

Mwalimu Mkuu akanitazama mimi. Akaangalia nyuma yangu, mahali pasipo na mtu. Nilidhani atasema "watu gani?" lakini hakusema, sijui kwa nini. Akamtangaza Festo. Makofi yalipigwa upande ule, machache. Baba akavaa kofia yake akaondoka kabla ya wengine. Nilipotakiwa kushusha mkono haukushuka. Mwalimu Anitha alikuja akaushusha kwa mikono yake miwili, taratibu, huku akitazama viatu vyake.

Nyumbani baba hakunipiga wala hakunisemesha. Alhamisi nilipokwenda kuchukua ndoo, nilikuta juu yake ngata mpya ya kuwekea kichwani, imeviringishwa vizuri kwa kitambaa cha shati lake la shambani. Niliiweka kichwani nikaenda.

Kwa hiyo tulichota sisi wawili. Rimu liligongwa kwa ajili yetu peke yetu, na tulikwenda na kurudi mpaka jua linainama. Njia ya kutoka mtoni ilipita nyuma ya darasa la saba, chini ya dirisha. Kabula akifika pale alisimama kurekebisha ngata. Aliirekebisha kwa muda mrefu sana, ndoo kichwani, shingo haitikisiki, macho yamepita dirishani mpaka ubaoni. Mimi nilitangulia na maji yangu. Tulipokutana tena njiani aliniambia alichokiona: "Leo ni eneo la duara." Au: "Leo wamerudia asilimia, mwalimu amekosea amefuta." Festo alikuwa anakaa dirishani. Mara ya kwanza alimtazama Kabula, akatazama ubao, kisha akavuta dawati lake pembeni, kichwa chake kisizibe. Kila Alhamisi baada ya hapo dawati lile lilikuwa pembeni.

Je, niliwahi kumwambia Kabula kwamba nyuma yangu hapakuwa na mtu? Sikumwambia. Alipaswa kuwa ameshajua, maana wachotaji tulikuwa wawili, lakini mtoto ana hesabu zake: niliona kwamba jambo likiwa halijasemwa, bado halijawa. Nilimwonea huruma. Nilidhani nimemdanganya kwa mkono.

Alifanya mtihani. Baada ya hapo amri ilitoka kwamba wafugaji wa upande ule waondoe mifugo, na siku moja Eda akaniambia akina Kabula wamekwenda. Nilikwenda kuangalia. Boma lilikuwa wazi, mlango wa miba umesukumwa pembeni, samadi bado mbichi, jikoni jivu na mafiga matatu. Palinukia maziwa. Nilisimama nikangoja nilie. Nikangoja sana. Kisha nikarudi nyumbani nikala ugali.

Matokeo yalisomwa siku ya kufunga shule. Mwalimu Mkuu alisoma majina ya waliofaulu kwa ile sauti yake ya kanisani, na jina la Kabula lilikuwa la kwanza kwa wasichana. Akalisoma, akanyanyua macho, akangoja kama inavyotakiwa. "Hayupo," akasema, akasoma linalofuata. Wasichana wote tulikuwa tumesimama mstarini na mikono yetu ubavuni. Hakuna aliyepiga kofi. Nikajaribu tena kusikia kitu, na hapakuwa na kitu.

Desturi ya maji ya walimu ilikufa baadaye, nikiwa nimeshahitimu. Haikuuawa na demokrasia. Bomba lilivutwa mpaka uwanjani, na hakuna aliyelipigia kura.

Miaka ikapita, nikasoma unesi, nikapangiwa kituo cha afya Mikumi. Miaka michache iliyopita, siku ya kliniki ya watoto, akina mama walikuwa wamejipanga mlangoni na mimi nilikuwa nimewapa mgongo nikitoa chanjo kwenye jokofu. Nikasikia mkono mzito umetua kwenye bega langu la kulia.

"Usigeuke," mtu akasema. Kiswahili cha kupima, kila neno kwa zamu yake.

Nikasimama vilevile, chanjo mkononi. Halafu akacheka, nikageuka.

Alikuwa amenenepa kidogo, na mtoto mgongoni. Alikuwa anaishi Kilangali, analima mpunga na mumewe. Mikumi alikuwa amekuja kumuuguza shemeji. Zamu yake ilipopita alinisubiri kwenye benchi mpaka nilipomaliza. Nikamwambia alifaulu, alikuwa wa kwanza kwa wasichana. Akasema habari zilimfikia Kilombero, ila zilimfikia wakati wenzake wameshaanza kidato cha kwanza, na baba yake alikuwa mgonjwa, basi ikawa hivyo. Alisema bila uchungu, na mimi nikapokea bila uchungu, kama tunazungumzia mvua za mwaka fulani. Kijijini kwao alikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji. "Mikutano mingi," akasema, "na wanaume wanaongea sana."

Nikaona sasa au basi. "Kabula, siku ile ya Jumatatu. Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba wote wameondoka. Kwamba nilikuwa peke yangu."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua jina lake. "Roida, mimi nimekua na ng'ombe. Mchungaji hageuki ili ajue wangapi wamemtoka. Nilisikia mguu wa kila mmoja."

"Sasa mbona hukujitoa? Mwalimu alikuomba vizuri. Ungekaa darasani."

Alimvuta mtoto mbele, akamfunga upya kitenge, akafikiri kwanza kama kawaida yake.

"Ningejitoaje?" akasema. "Ulikuwa umenishika."

Miaka yote ile nilikuwa nimebeba hadithi ya kwamba mimi niliganda na yeye alidanganyika, mtoto asiyesikia kitu ameshika bega la msichana asiyejua kitu. Kumbe mimi sikuachia kwa sababu yeye hakugeuka, na yeye hakujitoa kwa sababu mimi sikuachia, na hapakuwa na mtu wa tatu. Maneno ya bibi nayo ndipo nilipoyasikia, miaka mingi baada ya kumzika. Hakuwa anaongea juu ya macho yake.

Kwa hiyo mwaka jana, pale nyuma ya nyumba ya mama, nilizianua sare zangu na michirizi yake nikazikunja. Kiganja kilikuwa bado kina ganzi. Mama akatoka akaniuliza kama naumwa, akataka kunisugua kwa mafuta ya nyonyo.

"Hapana mama," nikamwambia. "Kiache hivyo hivyo kwanza."